Ndege Wangu wa Bafta

Jumatatu, 13 Januari

Sensa ya ndege imeanza. Tindiga la Msolwe, kinamasi chetu, limejaa! Vitwitwi, sululu, membe, wote wamekimbia baridi ya Ulaya, wamekuja kusimama kwenye matope yetu mguu mmoja juu. Ukungu umeshuka kutoka Uluguru tangu alfajiri na haujaondoka. Nimehesabu vitwitwi mia tatu na arobaini. Erick kahesabu mia mbili na kumi na wawili. Madamu Riziki, mkuu wetu wa hifadhi, akasema turudie. Nikapata tisini na saba. Ndege hawatulii!

Huyu Erick kamaliza chuo Mzumbe juzi tu. Kasomea utawala. Utawala! Halafu anakuja kunifundisha mimi membe. Ana kizibao chenye mifuko kumi na minne. Nimeihesabu mara mbili, na mara zote nimepata kumi na minne.

Habari kubwa: Madamu anatafuta mwongozaji mkuu wa wageni. Ajira ya kudumu, barua yenye muhuri, buti mpya. Mimi ni kibarua hapa mwaka wa tisa. Mke wangu Mwajuma amechoka kuwajibu watu kwamba mumewe kazi yake ni kuangalia ndege. Atakayeingiza ndege mpya kwenye orodha ya hifadhi ndiye atapewa. Ndege wa kusikika tu anakubalika, ila asikike siku tatu tofauti, na wamsikie watu wawili.

Nikamjua papo hapo. Kipasuasanda! Yule ambaye sauti yake ni ya kitambaa kinachopasuliwa, na watu husema anampasulia mtu sanda. Hayumo kwenye orodha. Na sauti yake naiweza.

Jioni nimekwenda Mwembesongo kununua bafta nyeupe. Muuzaji akanipa pole, akauliza marehemu ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia ni ndege. Akanifungia kitambaa bila kunitazama tena.

Jumanne, 14 Januari

Hifadhi inafungwa jioni, kwa hiyo kipasuasanda wangu itabidi alie asubuhi.

Saa nne. Ukungu mzito. Nikawaambia Madamu na Erick naenda kukagua mafunjo ya upande wa pili. Nikachutama, nikachanja upindo kwa mkasi, nikavuta. Krrraaaa! Safi kabisa! Nilijisikia fahari.

Kilichofuata sikukitegemea. Ndege wote walinyamaza kwa mpigo. Vyura nao kimya. Hakuna aliyeruka. Walisimama wamegeuza vichwa, wote wanatazama upande mmoja, na upande huo haukuwa wangu.

Erick aliandika saa na mahali. Akasema huyo ni ndege wa usiku. Nikamwambia ukungu umemchanganya. Madamu akasema siku ya kwanza imekubalika.

Kufika nyumbani, kijiji kizima kimewafungia watoto ndani. Nikaenda kumuuliza Mjomba Hatibu. Mjomba ndiye aliyenilea, na ndiye anayekata sanda za msikiti wetu, mwaka wa thelathini huu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anatazama tindigani. Akanieleza kwamba kimepasuliwa kipande kimoja, na kipande kimoja ni sanda ya mtoto mchanga. Mwanamume huzikwa kwa vitatu. Mwanamke vitano. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, moyoni nacheka kufa!

Kutoka tindigani mpaka kwa Mjomba ni mwendo wa nusu saa. Sijui sauti imefikaje. Upepo labda. Hakukuwa na upepo, lakini labda.

Jumatano, 15 Januari

Nimepasua tena. Kipande cha pili, kizuri kuliko cha kwanza. Ndege wakanyamaza, wakageuka kulekule. Safari hii nami nikatazama. Mafunjo tu na maji meusi. Sikukaa sana.

Siku mbili tayari! Erick uso umemshuka. Nimemwambia asikate tamaa, yeye bado kijana, nchi ina matindiga mengi.

Kijijini watoto wamefunguliwa, akina mama wanapiga vigelegele. Vipande viwili si vya mtoto. Nikaenda kwa Mjomba nikidhani naye kafurahi. Nimemkuta kalala kifudifudi, uji uko pale pale, umeganda. Akasema viwili havimziki mtu, kwa hiyo bado kimoja, kwa hiyo ni mwanamume, na mwanamume mwenyewe ni yeye. Kila marehemu wa kijijini, aliyempimia sanda ni yeye. Yeye nani wa kumpimia? Basi ndege kaja kumsaidia kazi.

Akaniambia shamba la migomba la kule Kinole nilitunze. Niseme ukweli wangu: kwa dakika moja nikaanza kuwaza mikungu. Halafu nikaona aibu. Mtu huyu alinibeba mgongoni kutoka mlimani nikiwa na surua. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo.

Alhamisi, 16 Januari

Leo sikupasua. Madamu kanikumbusha kwamba bado siku moja, na sensa inafungwa kesho. Nikipasua cha tatu, nimepata barua na nimemuua Mjomba. Nisipopasua, barua imekwenda kwa mwenye kizibao, na Mjomba atakufa vilevile, maana siku ya pili leo hajatia kitu mdomoni.

Nikaamua kusema ukweli. Mimi! Nikapiga magoti mbele ya kitanda chake nikakiri yote: bafta, mkasi, barua. Mjomba akatabasamu. Akanishika kichwa kama zamani, akasema mimi ni mtoto mwema, ninamdanganya ili afe na amani.

Nikaapa. Nikamtolea bafta yenyewe nikapasua kidogo pale pale pembeni. Akatikisa kichwa. Akasema bafta ya dukani ina wanga, inapasuka kwa sauti kavu. Aliyoisikia yeye jana na juzi ilikuwa ya kitambaa kibichi. Kitambaa kilicholowa.

Bafta yangu haijawahi kugusa maji.

Nimekaa na jambo hilo mpaka Mwajuma aliponiita kula. Kisha, kijiko mkononi, nikapata akili. Vitatu mwanamume, vitano mwanamke! Kesho sitapasua kimoja. Nitapasua vitatu mfululizo. Viwili na vitatu ni vitano. Itakuwa sanda ya mwanamke, Mjomba atanyanyuka, na mimi nitapata siku yangu ya tatu. Nimeshangaa mwenyewe. Mwajuma aliuliza nacheka nini, nikamwambia mambo ya kazi.

Ijumaa, 17 Januari

Leo nimerudi mguu mmoja una tope mpaka gotini. Buti limebaki huko.

Nilifika kwenye mafunjo saa tatu. Ukungu ulikuwa chini kabisa, siuoni hata mkono wangu mwingine. Nikapasua cha tatu. Kimya. Nikapasua cha nne haraka, Mjomba asije akaondoka katikati. Nikashika upindo wa cha tano, bafta ikaniponyoka, na mkasi juu yake, vyote chubwi majini. Nikabaki nimenyoosha mikono mitupu.

Na cha tano kikapasuliwa.

Mbele yangu. Hatua nne, tano hivi. Polepole, kutoka mwanzo wa kitambaa mpaka mwisho wake, kibichi, na maji yakidondoka. Mafunjo hayakutikisika. Nilikimbia. Sijui nilikanyaga nini, sitaki kujua.

Ila imefanikiwa! Erick kaandika: kasikika siku ya tatu, mara tatu. Madamu kanipa mkono, barua Jumatatu. Nikafika kijijini mbio na buti mguu mmoja. Mjomba yuko uani anakula ugali na samaki, anagomba chumvi haitoshi! Nilimkumbatia mpaka akanifukuza. Msikitini imamu alitukemea, akasema ndege hajui siku ya mtu kufa. Wote tukasema amina, tukarudi nyumbani tukafunga milango.

Nimefurahi. Nasema nimefurahi.

Jumamosi, 18 Januari

Sikuwa nimewafikiria wanawake.

Vitano ni vya mwanamke, na kijiji nusu yake ni wanawake! Barabarani hakuna hata mmoja. Kisimani hakuna mtu. Madamu Riziki, ambaye ana digrii mbili na haamini mambo hayo, kapata dharura kwao Tanga. Kaondoka na basi la kwanza, barua yangu haijasainiwa. Mkuu wa muda ni Erick. Kanipigia simu kunieleza, sauti ya huruma kabisa. Nikamtakia kila la heri, nikakata, nikaupiga ukuta ngumi. Ukuta ni wa tofali.

Mwajuma kaamka kabla ya adhana. Kafua mashati yangu yote. Kayapiga pasi, kayakunja. Mchana kaniita jikoni akanionyesha chumvi ilipo, na mchele ulipo. Kisha akapanda kigoda, akanionyesha anapoficha sukari. Miaka kumi na moja ya ndoa, sukari ile nimeitafuta nyumba nzima! Sikutaka kuijua tena. Nikamwambia ashuke.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba ni mimi. Bafta yangu, mkono wangu.

Akaniuliza, vyote vitano?

Nikasema vinne.

Alikifuta kigoda akakirudisha mahali pake.

Jumapili, 19 Januari

Nimepata dawa. Ni rahisi mpaka inachekesha. Sita! Hakuna binadamu anayezikwa kwa vipande sita. Nikiongeza kimoja tu, hesabu yote inavurugika na Mwajuma wangu anabaki.

Bafta sina, mkasi sina. Nimechukua shuka jeupe kitandani, nimekwenda tindigani alfajiri, nimesimama ukingoni mbali kabisa na yale mafunjo, nikapasua kwa meno na mikono. Sita! Nikarudi naimba.

Mjomba alikuwa amekwisha kufika kwetu. Kaketi sebuleni na kofia mkononi. Akasema kwa upole kwamba sita ipo. Sita ni mama na mtoto wake mchanga.

Nikasema haiwezekani, nyumba hii haina mtoto mchanga. Mwajuma akaketi sakafuni, akaweka mikono tumboni. Alikuwa anangoja nipate barua ndipo aniambie, iwe furaha mbili siku moja. Miezi mitatu sasa. Baada ya miaka kumi na moja!

Nilipiga kelele. Sijui kama ilikuwa ya furaha. Nikatoka mbio na shuka lile lile, nikapasua cha saba, nikarudi, nikasema haya, saba, hakuna wa saba! Mjomba akakubali kwamba wa saba hayupo. Saba ni vitano vya mwanamke na viwili vya mwanamume ambaye bado kimoja. Akanitazama kuanzia unyayo mpaka utosi, jinsi anavyotazama akienda kupima sanda, kisha akageuza uso.

Sasa ni saa sita mchana. Ndege wa tindigani wamenyamaza, nawasikia hapa walivyonyamaza. Na nimesikia cha nane. Kirefu, kibichi, na karibu. Si tindigani. Ni kule kwenye migomba yetu, nyuma ya nyumba.

Nane. Vitano vya mke, vitatu vya mume. Mwajuma naye kasikia. Kanishika mkono, ananiomba nikae tu, tukae mimi, yeye na wa tumboni, wote watatu humu ndani, tusifanye kitu chochote.

Wanawake hawajui hesabu. Tisa! Tisa haina mtu. Nimepata shuka jingine, la bluu, halina shida. Nimemwambia nafika hapo kwenye migomba, narudi sasa hivi.