Vita vya Uweso na Lango Lisilomjua Mtu

Sogeeni, enyi wana wa Makorora, nanyi mliotoka Horohoro mikono mitupu, kaeni mkao wa kusikia. Mwenye redio aizime, mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, kwa maana inaletwa hapa tarikhi ya Uweso bin Shaib, Mnyoosha Rimu, Mziba Pancha, mgane wa Mwatima, aliyepigana na programu ya simu tangu adhuhuri, ikamrudisha nyuma mara kumi na moja, na yeye asirudi.

Sababu ya vita ilikuwa masufuria. Mtaa ule una masufuria mawili ya wakfu, mapana hata mtoto aweza kuogea ndani. Zamani ukiwa na hitima ulikwenda kwa aliyeyaweka, ukaamkia, ukabeba, basi. Lakini wakubwa hawawezi kuona jambo linakwenda sawa wakaliacha. Wakaunda kamati, kamati ikaunda programu, na Mwenyekiti Bakar akatangaza kwamba asiyeomba kwa simu kabla ya adhana ya alasiri, siku ya Jumatano, wiki hiyo hapati. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa hitima ya mwaka ya Mwatima. Watu wamealikwa, mchele umepetwa. Mwanamke aliyewapikia mtaa mzima miaka thelathini, leo pilau lake lipikwe kwa sufuria la chai?

Basi Jumatano Uweso akaketi juu ya kibao chake kati ya baiskeli zilizopinduliwa, akavaa miwani kama avaaye deraya ya vita. Akaandika namba yake. Akaandika neno la siri. Lango likafunguka: *Karibu, Uweso.* Akakishusha kidole kama mkuki juu ya neno Masufuria. Na lango lile lile, lililomkaribisha punde tu, likauliza: *Wewe nani? Ingia kwanza.*

Akaingia. *Karibu, Uweso.* Masufuria. *Wewe nani?*

“Mimi huyo huyo wa sasa hivi,” akaiambia simu.

Mara ya saba jasho likaziba miwani. Mara ya kumi na moja akasema, “Mtaa huu hata mbuzi wa jirani Mastura wananijua.” Kisha akainuka, simu mkono mmoja, bomba la upepo mkono wa pili kwa kuwa alisahau kuliweka chini, akaiendea ofisi ya kamati kama jeshi la mtu mmoja.

Ndani alimkuta Mwenyekiti Bakar, na Shadya, binti aliyeitengeneza programu ile.

“Shikamoo, ami Uweso.”

“Marahaba. Programu yako kipofu.”

“Si kipofu, ami, imesahaulishwa. Ile mashine ya mbali inayoijibu simu yako haikumbuki mtu. Kwa hiyo ukiingia inakupa alama ndogo, twaiita kuki, kwamba huyu nimeshamjua. Kila ukibonyeza, simu yatakiwa iirudishe ile kuki pamoja na ombi lako.”

“Na yangu iko wapi?”

Shadya akamtupia jicho Mwenyekiti. “Yafutwa kila hatua.”

“Kwa amri ya nani?”

Hapo Bakar akasimama, akarekebisha kofia, akahutubia watu wawili kana kwamba ni uwanja mzima. “Kwa amri yangu. Nyumba nyingi hapa zina simu moja. Mke mkubwa kaomba turubai, mke mdogo kaikuta programu wazi, kalifuta ombi. Nikasema, usafi! Kila hatua mtu aanze upya, kama atiavyo udhu kabla ya sala.”

Uweso akaliegemea bomba lake.

“Mwenyekiti, shule niliiacha darasa la tatu, lakini chuoni, kwenye Kurani, nilikaa. Udhu una vitenguzi vyake, na kubonyeza si kimojawapo. Mtu akitawadha adhuhuri, asilale, asiende chooni, alasiri atasali nao ule ule. Wewe wamrudisha mtu birikani kati ya rakaa ya kwanza na ya pili. Sala hiyo ataimaliza lini?”

Shadya akaifungua kompyuta yake.

“Vitenguzi naweza kuviweka,” akasema Shadya. “Mtu akibonyeza Toka, kuki inafutwa. Akiiacha simu nusu saa, inafutwa. Mke mdogo hataikuta.”

“Nusu saa ni usingizi. Usingizi watengua. Hapo sina neno.”

“Nitalipeleka kikao cha Jumamosi,” akasema Bakar.

“Hitima ni Ijumaa. Nenda kamwambie Mwatima asubiri.”

Bakar, aliyekula pilau la mwanamke yule tangu hajaota ndevu, akainamisha kichwa. “Haya, binti, rekebisha.”

Shadya akafuta amri ile, akaongeza nyingine mbili fupi, akaitia programu mpya katika simu ya Uweso. Shujaa akaingia. *Karibu, Uweso.* Akabonyeza Masufuria, pumzi kaibana. Lango halikuuliza kitu. Mawili. Ijumaa. Thibitisha. *Uweso bin Shaib, umepata.* Na muadhini akaanza.

Iandikwe basi, na wasome wa Moa na wa Pemba, kwamba Jumatano hiyo kuki ilivuka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa pili, salama salimini, jambo lisilopata kuonekana tangu kamati iundwe. Jina la Mwenyekiti lisitiwe humo, ingawa alikuwa keshaanza kutoa hotuba ya mafanikio. Uweso hakuisikiliza. Alikuwa uani kwa ofisi, mikono ya kanzu kaipandisha, akiyasugua masufuria yale masizi ambayo kamati haikuwahi kuyagusa, kwa maana Mwatima hakupata kupika katika sufuria chafu.