Nafasi ya Kwanza ya Bi Shufaa

Cosmas alikuwa na pua ya kunusa kijicho cha mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Jumatatu hiyo, mjini Bagamoyo, alimwona Bi Shufaa kasimama mlangoni mwa gesti yake, anahesabu magari yaliyoegeshwa kwa jirani yake Vedasto. Mate yakamtoka.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Kama unauza sufuria, ninazo."

"Nauza nafasi ya kwanza. Mtu akigugo kwenye simu gesti za Bagamoyo, anayetokea juu ni Vedasto. Wewe uko ukurasa wa nne, huko hata mashetani hawafiki."

"Vedasto? Mwenye mashuka ya matundu?"

Sasa sikilizeni hila yenyewe, maana ni ya kitaalamu. Cosmas huweka tangazo la kulipia, lile linalokaa juu kabisa ya matokeo. Kila mtu akilibonyeza, Cosmas anakatwa shilingi elfu moja kwenye kadi yake ya benki. Mteja analiona, anatoa laki sita za nafasi ya "kudumu", na baada ya nusu saa Cosmas analizima, anahama mtaa. Safari hii kadi ilikuwa na laki tisa, na hizo si za mchezo. Ni mahari ya mchumba wake Tina, inayosubiriwa kwao Kerege Jumamosi. Baba mkwe alishaahirishiwa mara mbili na ameapa hakuna ya tatu.

Punde gesti ya Bi Shufaa ikakaa juu.

"Na haka kaneno, 'Imedhaminiwa'?"

"Umepata mdhamini, bi mkubwa. Vedasto hana."

Bi Shufaa akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Nitakulipa Alhamisi. Kwanza nione kama inakaa."

Alhamisi! Tapeli mwenye akili angeaga hapo hapo. Lakini tamaa jamani! Katikati ya wiki nani anatafuta gesti Bagamoyo, watu kumi? Cosmas akaliacha tangazo, akaondoa na kikomo cha matumizi ya siku, lisije likapotea Bi Shufaa akichungulia. Jioni, kwa kujishaua tu, akalipiga picha na kumtumia Tina: "Ona kazi ya mchumba wako. Nimemweka mteja juu ya mji mzima."

Jumanne kadi ikakatwa laki nne. Jumatano, laki nne nyingine. Cosmas hakula, hakulala. Akilizima, laki sita zimekwenda. Akiliacha, mahari inateketea. Akamtukana Vedasto kimoyomoyo, maana hakuona mwingine wa kumshuku kwa kubonyeza huko. Alhamisi asubuhi akafika kwa Bi Shufaa anahema.

"Shikamoo, nilipe sasa hivi!"

"Marahaba. Ngoja niangalie." Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, utadhani anadarizi kofia. Kisha akashusha simu. "Wa kwanza Vedasto. Mimi sipo."

Kadi ilikuwa imekauka, na tangazo limejizima lenyewe.

"Ina maana mdhamini wangu kafa?" akauliza Bi Shufaa. "Pole, mwanangu. Nenda kazike."

Cosmas alikuwa hajafika barabarani simu ikaita. Tina, kwa furaha isiyo kifani.

"Mchumba! Umeona tulivyokuunga mkono? Ile picha uliyonitumia niliitupia kwenye grupu la kamati ya harusi. Nimewaambia wagugo, wakiiona gesti ya mteja wako juu wabonyeze, asubuhi mara moja, jioni mara moja. Watu mia mbili na kumi, wote wamebonyeza! Wa kwanza baba!"

Kamati hiyo, tangu iundwe, haikuwahi kukusanya hata robo ya michango iliyoahidiwa. Kwa kubonyeza, hakukosekana mjumbe hata mmoja.

"Upo? Baba anauliza, Jumamosi mnakuja wangapi?"

Cosmas akakata simu, akasimamisha bodaboda atorokee mbali na wakwe.

"Miono bei gani?"

"Elfu thelathini."

Akajipekua mifuko yote, hadi ya shati. "Nina elfu tano. Inanifikisha wapi?"

Dereva akamtazama kwa huruma, akawasha pikipiki.

"Panda kaka. Kerege unafika."