Malalamiko ya Mwimbaji Namba Nne

Shanwe, Mpanda

Kwa Mwalimu Mkuu wa Idara ya Muziki,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za kazi, na za nyumbani kwako? Sisi hapa Mpanda tunaendelea, ila mimi siendelei vizuri, na sababu ni chuo chako.

Mimi ndiye mama mzazi wa Rozalia, yule binti mrefu anayesoma shahada ya muziki. Siyo ile ya kawaida, ni ile yenye heshima, ya utafiti. Majirani wote nimeshawaeleza tofauti yake, hata wasiouliza. Mwaka jana alikuja kupima kwaya yetu ya parokia. Kila mwimbaji alimbandika kinasa sauti kwenye kola, akaziingiza sauti zetu kwenye kompyuta. Nilijivuna hadi shingo ikauma. Sasa nalalamika hivi:

1. Mliamuru majina yetu yafichwe, tuitwe kwa namba. Nani aliwaambia nataka kufichwa? Ikabidi nitangaze mwenyewe, sokoni, stendi, hata msibani, kwamba Mwimbaji Namba Nne ni mimi, mama yake mtafiti.

2. Mlimfundisha kuwa mtafiti mwema hurudi kuwasomea matokeo watu aliowapima. Akarudi. Nikapika wali na kuku, nikaalika kwaya nzima. Mtoto wangu wa kumzaa akasimama akasoma, bila kupepesa macho, kwamba Namba Nne huanza kuimba kabla ya kinanda, na wengine wote humfuata humo humo kwenye kosa. Wote wakageuka kuniangalia. Épiphanie wa sauti ya pili alicheka mpaka akaweka sahani chini. Sahani yangu!

3. Nikienda mashine ya kusaga naambiwa, mama Namba Nne, subiri kinanda. Dereva wa boda wa pale kona ananiuliza kama nitashuka kabla hajasimama.

4. Hili ndilo kubwa. Mwalimu wetu wa kwaya, Gelasius, amenitoa mstari wa mbele. Pasaka Askofu anakuja, na mimi nimeambiwa nisifungue mdomo mpaka kiitikio. Kwenye mstari huo nimeimba tangu Rozalia yuko tumboni. Nyie mnadhani muziki aliuanzia kwenu?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu utafiti urekebishwe. Iandikwe kwamba Namba Nne aliimba kwa wakati, na wengine wote pamoja na kinanda walichelewa. Ukiitazama vizuri ile michoro ya kompyuta, ni kitu kile kile. Kama sheria zenu hazikubali, basi Rozalia asipewe shahada mpaka alihamishe kosa hilo kwa Namba Tano. Namba Tano ni Épiphanie, ila yeye hakujitangaza kama mimi.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini aliyenionyesha bweni, na mama yako kama yupo.

Ni mimi mwenye uchungu,
Katarina, Mama Rozalia

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii Rozalia amepiga simu. Amefaulu! Walimu wamesifu zaidi ile sehemu ya Namba Nne, wanasema hawajawahi kuona mtu mmoja akiivuta kwaya nzima namna hiyo. Basi usibadilishe hata nukta. Kosa ni langu, Épiphanie asije akajidai nalo. Pasaka nitakaa huko huko nyuma, watanifuata tu. Na kama una mwanafunzi mwingine anayetaka shahada yenye heshima, mtume huku. Naweza kuwahi zaidi.