Mjukuu Wangu Amekataa Kumtangaza Mwizi wa Shuka Langu

Ndugu Mhariri wa Redio,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea hasira zangu. Mimi ni bibi yake yule mtangazaji wako wa habari za asubuhi, mwenye sauti nzuri, ambayo kairithi kwangu. Shuleni sikukaa sana, lakini kalamu naishika mwenyewe, na nikikosea utaelewa tu.

Nilikuwa na shuka la maua mekundu. Nililifua, nikalianika, na nilipolitaka tena halikuwepo kambani. Wiki hiyo hiyo fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaweka pazia jipya dirishani. Maua mekundu! Nikamwambia mjukuu wangu alitaje jambo hili kwenye taarifa ya habari, kwa ufupi tu, baada ya hali ya hewa. Kakataa. Anasema ulimpeleka semina ya sheria za habari. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Kaniuliza nina ushahidi gani. Mtoto niliyemlea tangu hajaota meno! Nikamwambia pazia nimeliona kwa macho yangu. Akasema hicho ni chanzo kimoja, tafuta kingine. Nikamletea dada yangu. Akamkataa, eti dada kayasikia kwangu. Sasa alitaka ayasikie kwa nani?

2. Neno "mwizi" kalipiga marufuku humu ndani. Eti mpaka mahakama imtie mtu hatiani, huyo ni mtuhumiwa, na ukimwita mwizi bila uthibitisho ni kashfa, kituo kizima kinashtakiwa, wewe Mhariri ukiwa mbele. Haya, nikakubali aseme mtuhumiwa. Akagoma hata hilo, mpaka fundi aulizwe kwanza, apewe nafasi ya kujibu! Tangu lini mtu akabisha hodi kwa aliyemwibia kumwomba maoni?

3. Nilitaka kuchungulia kwa fundi nipige picha na simu. Eti chumbani kwa mtu ni faragha. Faragha gani, na pazia ni langu?

4. Hapa nakugeukia wewe. Mkubwa akifungua choo cha soko mnampa nusu saa nzima, wala hamtafuti chanzo cha pili kuuliza kama choo kina maji. Na mlipomsingizia mwenye bucha kuwa anauza nyama mbovu, mlipiga kelele asubuhi, sote tunakunywa chai. Kuomba radhi mkaomba usiku wa manane, kwa sauti ya mgonjwa. Bucha ikafungwa. Leo mmeijua sheria kwa shuka langu tu?

Kwa kuwa redio imeninyima haki, nimetangaza mwenyewe: bombani kwenye foleni, dukani, na kliniki ya presha. Wateja wa fundi wamepungua, na yeye hanisalimii tena. Ila kazi ya mdomo inachosha. Naomba umwamuru mjukuu wangu aimalizie hewani, ama unirudishie mtoto kama nilivyokupa, hana sheria kichwani.

Nisalimie wote hapo kituoni, hata yule wa matangazo ya vifo, na umwambie asiwe na haraka na mimi.

Ni mimi niliyeibiwa,
Bibi wa mtangazaji wako.

Nyongeza: Leo nimebadilisha matandiko. Shuka la maua liko chini ya lile la buluu. Nililianua mwenyewe, nikalitandika, nikasahau, na muda wote huu nimelilalia. Mjukuu wangu kacheka mpaka kakaa chini, kisha akaacha kucheka. Anasema masahihisho hutolewa pale pale kosa lilipotolewa, saa ile ile, kwa sauti ile ile. Fundi kapata habari. Kachukua kigoda chake, kakiweka bombani mbele ya foleni, na amekaa ananisubiri. Mhariri wangu, mwanangu, ile nafasi yenu ya usiku wa manane, ya sauti ya mgonjwa, bado ipo?