Wale Watano wa Chumba cha Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa chuoni. Allan, mkuu wa idara, ametuita ofisini kwake mimi na Nishma Raichura. Alhamisi ya wiki ijayo wanakuja wageni wawili, mama mmoja wa Finland na bwana mmoja wa Ureno. Wanazunguka vyuo vya Ulaya kupima ubora wa ufundishaji. Wataingia darasani, watakaa nyuma, wataandika. Wakishaondoka, mmoja wetu atapewa ajira ya kudumu. Mmoja tu. Mwingine ataendelea na mkataba wa mwaka, kama utakuwepo.

Mimi nina miaka kumi na mmoja katika chuo hiki cha Kilburn, nawafundisha takwimu wanaosomea uuguzi. Nina shahada ya uzamivu. Nishma ana miaka minne na kikapu. Kikapuni sijui mna nini, ila wanafunzi wake hutoka darasani wakicheka. Takwimu si jambo la kuchekwa.

Allan akanisomea maoni ya wanafunzi wangu wa muhula uliopita. Mmoja kaandika: "Dkt. Shayo anajua mambo mengi sana. Ningependa na sisi tuyajue." Nimeyapokea kama pongezi. Walau ile nusu ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi. Nimevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, nikaingia darasani kwa Nishma na kukaa kiti cha nyuma kabisa. Sikumaliza dakika mbili. Nishma ni mtu wa hapa hapa mjini, Rayners Lane, lakini wazazi wake walitoka Mombasa na Kiswahili chake ni kizuri kuliko ninavyopenda. Akanikaribisha mbele ya watu wote, akasema kwake hakuna watazamaji, akanitia kwenye kundi la vijana watatu.

Tukagawiwa karatasi za rangi kutoka kwenye kile kikapu. Kila mtu aandike jambo moja asiloelewa. Wenzangu wakaandika mara moja. Mimi sikuwa na la kuandika, nikaandika jina langu. Nishma akalibandika ukutani pamoja na mengine, chini ya kichwa "Tusiyoyaelewa". Likakaa pale saa nzima.

Hata hivyo siri nimeipata. Ni karatasi za rangi! Nikirudi nyumbani nimepitia dukani na kununua pakiti sita.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mke wangu Priscilla ameniuliza nitaacha nini Kwaresima hii. Akashauri niache ujanja. Nimeamua kuacha sukari kwenye chai.

Jioni nimepitia orodha ya darasa. Wanafunzi kumi na saba. Kumi na wawili ni wa kuonyesha wageni. Watano ni majaribu.

Mkubwa wa majaribu ni Surinder Kaur. Ana miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Kisumu, anakaa Hayes. Kazi yake ni kupanga trei za chakula cha ndege karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na anataka kuwa muuguzi. Mtihani wangu ameshindwa mara mbili. Akishindwa mara ya tatu, tarehe ishirini, kozi imemwishia. Kila ninapofika katikati ya maelezo ananyoosha mkono na kuuliza kwa nini. Haulizi vipi; hilo la vipi ningelijibu. Anauliza kwa nini. Halafu wale wanne wengine wanatikisa vichwa kumuunga mkono, na saa inakwisha.

Fikiria swali hilo mbele ya Finland.

Nimepata njia. Nimewaandikia watano hao barua: wamechaguliwa kuwa Kundi Maalumu, na Alhamisi ijayo watajisomea wenyewe katika chumba kidogo cha maktaba, ghorofa ya kwanza. Nimeweka na mhuri.

Ijumaa, 7 Machi

Barua nimezigawa. Wanne wamefurahi. Surinder amesoma yake mara mbili, akaikunja, akaniuliza wamechaguliwa kwa kigezo gani. Nikasema kwa uangalifu mkubwa. Akaitia barua kwenye mkoba.

Baadaye nimefanya mazoezi na wale kumi na wawili. Kila mmoja ana swali lake, jibu lake na karatasi ya rangi yake. Bhavesh nimempa jibu lisilo sahihi, ili wageni waone ninavyomrekebisha mtu kwa upole. Amelalamika kwa nini yeye. Nikamrekebisha kwa ukali, kisha tukarudia kwa upole.

Nishma kapita mlangoni, kaona ukuta wangu ulivyopambwa, kasema unapendeza. Wivu mtupu.

Jumatano, 12 Machi

Kesho ndiyo kesho. Nimepeleka suti kwa dobi na kuitoa. Nimepita pia maktaba na kubandika karatasi kwenye mlango wa kile chumba kidogo, kwa herufi kubwa: DKT. SHAYO, TAKWIMU. Kuna watu wa masomo ya biashara wana tabia ya kuvamia vyumba vya wenzao.

Priscilla amenipigia pasi shati. Akauliza mbona nina furaha hivi. Nikamwambia mwalimu bora hana wasiwasi.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne kamili asubuhi nilikuwa mbele ya darasa, ghorofa ya tatu. Kumi na wawili wamekaa wima. Viti viwili vya wageni nyuma, kila kimoja na chupa ya maji.

Saa nne na robo, hakuna mtu. Nikaanza bila wao ili wakiingia wakute moto umeshawaka. Swali la kwanza likajibiwa vizuri, la pili pia. Bhavesh akatoa jibu lake lisilo sahihi, nikamrekebisha kwa upole wa ajabu mbele ya viti vitupu. Ikabidi turudie tangu mwanzo, kisha turudie tena. Alipokosea mara ya tatu alikuwa amekasirika.

Saa tano kasorobo nikatoka kuwatafuta. Nikashuka ngazi. Nilipopita maktaba nikasikia sauti ya Surinder.

Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Surinder alikuwa ubaoni. Wenzake wanne wamezunguka meza, na katikati yao yule mama wa Finland, trei ya plastiki ya kazini kwa Surinder mkononi. Yule Mreno alikuwa anahesabu vijiko. Kumbe wageni walipokuwa wakipanda ngazi kuja kwangu, waliona jina langu mlangoni, wakaingia.

Nikasimama pale nje nikisikiliza. Surinder alikuwa anaeleza habari za kazini kwake. Kuna mwenzao anaitwa Tony, anapanga trei kama mashine. Wengine wanapanga trei arobaini kwa saa, Tony anapanga mia. Msimamizi akajumlisha zote, akagawanya, akapata wastani, akatangaza kwamba kila asiyeufikia ni mvivu. Siku ile wote wakawa wavivu isipokuwa Tony. Surinder akamwendea msimamizi, akamwomba awapange kwenye mstari kuanzia wa polepole mpaka wa haraka, kisha achukue mtu wa katikati. Huyo ndiye anayesema ukweli wa wengi.

Miaka kumi na mmoja nafundisha tofauti ya wastani na namba ya katikati. Sikuwahi kuisikia hivyo. Nikajikuta nimeshika kitasa bila kukizungusha.

Nikaingia. Wageni wakasimama, wakanipa mikono. Mama wa Finland akasema ameona vikundi vingi lakini hiki ni cha pekee. Akataka kujua nimewachaguaje wanafunzi hawa.

Surinder akaweka kalamu chini na kuniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, niseme mimi ama utasema wewe?"

Nikamwambia nitasema mimi. Nikasema. Nikasema ni mbinu yangu mwenyewe, nimeitafiti kwa miaka, inaitwa Utengano Wenye Tija. Mreno akaandika. Nikaendelea, kwa sababu anapoandika mtu ni vigumu kunyamaza. Nikafika mpaka kwenye hatua saba.

Nilipokuwa natafuta hatua ya sita, mama wa Finland akamgeukia Surinder na kumuuliza yeye anaionaje mbinu hii. Surinder akajibu kwa Kiingereza, bila hasira. Akasema wao ndio wanaoshindwa mtihani. Wamewekwa huku wageni wasiwaone. Kisha akaongeza kwamba hili ndilo somo lao bora mwaka huu, kwani hakuna aliyewaharakisha.

Mreno akaacha kuandika. Mama wa Finland akanitazama, mimi nikatazama vijiko. Halafu akavuta kiti chake karibu na ubao, akamwomba Surinder aendelee. Wakakaa pale mpaka saa ikaisha.

Juu kule wale kumi na wawili nilikuwa nimewasahau.

Ijumaa, 14 Machi

Allan ameniita. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Ajira ya kudumu amepewa Nishma. Mimi nimeongezewa mwaka mmoja, kwa masharti. Kila Jumanne nitakaa darasani kwa Nishma kama mwanafunzi. Na wale kumi na saba watafundishwa wote kwa pamoja, chumba kimoja, bila kupungua hata mmoja.

Nikatoka kwenda kituo cha basi. Surinder alikuwa pale. Nilifikiria kusubiri basi la nyuma, lakini alishaniona.

Akasogeza mkoba nipate kukaa. Akasema marehemu mama yake, kule Kisumu, alikuwa na vikombe viwili vyenye ufa. Wageni wakibisha hodi, vilikimbizwa chini ya kitanda.

"Jana nilijua vile vikombe vilikuwa vinaskia nini," akasema. "Na chai vilishika, mwalimu. Havikuvuja hata siku moja."

Nikasema samahani. Nilidhani lingenitoka kwa kirefu zaidi, na sababu zake, lakini lilitoka neno moja tu. Akasema sawa. Akasema Jumatatu atauliza kwa nini, na safari hii nijibu, maana mtihani ni Alhamisi. Basi lake likaja.

Nimemsimulia Priscilla yote. Akasema, "Baba Emma, huyo mama amekuzidi ualimu na utu." Kisha akanipakulia ndizi na nyama, nyama nyingi kuliko kawaida.

Jumatatu, 17 Machi

Surinder ameuliza kwa nini mara tisa. Nimejibu mara sita. Tatu tumezitafuta pamoja, darasa zima. Hatukumaliza slaidi. Ajabu, hakuna aliyechungulia saa, hata mimi.

Jumanne, 25 Machi

Matokeo! Wale watano wamefaulu wote. Surinder kapata sabini na nane. Alipoiona alama yake ubaoni kwenye korido alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Kisha akampigia simu mtu wa kwao na kuongea Kipunjabi kwa sauti ya juu hivi kwamba mlinzi akaja kuangalia. Mimi nilisimama nyuma ya mashine ya kahawa. Kitu kiliniingia jichoni.

Katika wale kumi na wawili, wawili wameshindwa.

Mchana Allan ameleta ujumbe kutoka Finland. Yule mama anarudi mwezi Mei, anataka kuliona tena darasa langu. Darasa langu! Amemtaja Surinder kwa jina.

Nimetafakari tangu mchana, tena kwa kina, kama Nishma anavyotufundisha Jumanne. Nimeona nilipokosea. Niliwaficha wasiostahili kufichwa. Wageni wa namna hii hawapendi wanaojua, wanapenda wanaohangaika na kuuliza. Kumbe wa kuondolewa machoni ni wale kumi na wawili.

Nimemwomba Nishma aniazime chumba chake mwezi Mei, saa moja tu. Akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya ubora.