Wati Nane za Kwenda Zohali

Jumatatu, 3 Machi
Pasadena. Kikao cha kugawana umeme. Chombo chetu kinakwenda kwenye mwezi wa Zohali, ambako jua ni kinukta tu. Umeme wote utatoka kwenye madonge ya plutoniamu, yanayotoa joto yenyewe miaka nenda rudi. Na hautoshi hata kukausha nywele! Tunaugombania, watu wazima na shahada zetu. Kamera yangu inahitaji wati nane. Hapa kila mtu huongeza kidogo, na bosi wetu Lorraine hukata kidogo. Nikaomba kumi na sita. Lorraine akaniangalia: "Wee Thaddeus, hiyo ni kamera au jiko?" Akaamua: nikitaja zaidi ya nane kikao cha Jumatatu ijayo, kamera inabaki duniani. Kazi ya miaka yangu yote!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu mpya. Nimetangaza sita, ili Renata wa kipima matetemeko, anayejifanya mtakatifu kwa wati zake saba, aonekane mlafi. Makofi! Pole zake.

Alhamisi, 6 Machi
Majaribio kwenye chumba cha baridi kali. Kwa wati sita kamera ilipiga picha moja, ikazimika. Renata alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha, bila kuombwa, akasema kipima chake kitalala kila kamera ikiamka, nichukue wati zake mbili. Aibu ilinishika. Lakini anataka nini huyu?

Ijumaa, 7 Machi
Idaho, mimi, Renata na Lorraine. Tumekuja kuuona mtambo wenyewe wa umeme, umeshajazwa plutoniamu. Hauna moto, haungurumi. Pipa jeusi lenye mapezi, basi. Tukaruhusiwa kusogea kidogo. Joto likanigusa usoni, nikaduwaa. Joto hilihili litakuwa peke yake kule, kwenye giza na baridi isiyosemeka, likifanya kazi wakati mimi nimeshastaafu, pengine nimeshazikwa. Na kwa chembe yake kamera yangu itafumbua jicho, ione fukwe ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Machozi yalinitoka. Renata naye vilevile. Lorraine akasema polepole, "Mnaona sasa ninachowagawia?" Niliapa palepale: sitadanganya tena, hata wati moja.

Jumatatu, 10 Machi
Kikao cha mwisho. Nilitakiwa kutamka neno moja tu: nane. Lorraine aliniuliza kwa upole, sauti bado ni ile ya Idaho. Nikaona amelainika. Nikasema tisa.
Kamera inabaki duniani. Renata ameniombea nafasi ya kujieleza kesho, Mungu ambariki. Nitaanzia kumi na mbili.