Malkia Tisa Ndani ya Debe la Waridi

Jumatatu, 1 Aprili 1957

Stesheni masta ametangaza. Jumamosi bibi yake atakagua maua yetu hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mshindi atatunza maua ya stesheni na kuhamia nyumba ya pembeni, ile yenye mfereji wake. Sisi tuko saba chumba kimoja. Mfereji mmoja, familia ishirini na nne! Sijawahi kupanda hata kitunguu, lakini nilianza reli nikibeba magunia, leo ni karani wa stoo. Hesabu nilijifunza mwenyewe. Ua litanishinda?

Nina mawaridi matatu kwenye madebe, udongo umetoka Longonot kwa gari la mizigo. Jirani yangu Ogola, fundi wa breki, ana moja tu, ndani ya sufuria iliyotoboka. Tatu kwa moja. Kwisha.

Jumanne, 2 Aprili

Nimechokora madebe kwa kijiko. Vidude vyeupe kila mahali, vyepesi. Nimevitia majini, vikaelea. Mayai! Ya nyoka, bila shaka. Nimetoa 312. Yakianguliwa nusu tu, ni nyoka 156 kwa watu saba. Bibi yangu, Mama Khisa, anasema ni mawe, ule mlima wa Longonot ulitema moto zamani. Nimemwuliza jiwe gani huelea. Akarudi jikoni.

Bila hayo mayai udongo umeshikana vizuri sana, kama matope ya kufinyangia.

Jumatano, 3 Aprili

Leo minyoo myekundu, 41. Minyoo ni minyoo. Hospitali hutoa dawa yake. Nimeimwaga kwenye sufuria ya Ogola. Akanifumania! Akauliza nafanya nini. Nikasema ni zawadi. Akanishukuru. Mtu mzima kabisa, anashukuru minyoo!

Alhamisi, 4 Aprili

Malkia wa kumbikumbi! Wanene, weupe, vichwa vya kahawia, wamejikunja chini ya mizizi kwenye debe la kwanza. Tangu nitoke Bungoma sijashiba kumbikumbi. Kichuguu kizima kina malkia mmoja. Mimi ninao tisa! Sufuria tisa za kumbikumbi kila mvua, na nyumba ya pembeni juu yake. Nimewarudisha pale pale mizizini, wapate joto.

Mama Khisa alichungulia, akatumia ile sauti ya kuwasemesha watoto.

“Baba Khisa, huyo ni funza, anakula mizizi. Kama ni malkia, watumishi wake wako wapi?”

Nikamwambia wako safarini.

Jumamosi, 6 Aprili

Mawaridi yote yamelala. Nimevuta moja, likaja bila mzizi hata mmoja. Malkia wamenenepa.

La Ogola limechanua maua manne. Memsabu, bibi wa stesheni masta, aliingiza kidole kwenye udongo wake, akaona minyoo, akafurahi, eti hiyo ndiyo hulima udongo. Ogola akanisonta mbele ya landhi nzima.

“Ni huyu jirani alinipa.”

Nikapigiwa makofi. Nyumba akapewa Ogola. Mama Khisa alichukua debe akaenda foleni ya maji.

Jumapili, 7 Aprili

Ogola amehama. Amemwambia Mama Khisa achote maji kwake wakati wowote. Mimi ameniletea tawi la waridi lake na minyoo kumi. Kunidharau tu! Minyoo nimeitupa. Tawi nimelipanda, na chini yake nimewalaza malkia wote tisa.

Halafu nikachokora debe la pili. Weupe, wadogo, vichwa vya kahawia, kumi na mmoja. Nikamwita Mama Khisa aje ajionee mwenyewe.

Watumishi wamefika.